Hasheem alinyimwa muda mara mbili

Kuna kauli nimeisikia mno kwenye viwanja vya Muleba na Bukoba, na siwezi tena kuinyamazia. Kijana mrefu akikosa mpira, au akichelewa kuruka, mtu mzima aliyesimama pembeni anacheka na kusema: "Hasheem huyo!" Mwingine anadakia: "Urefu wa bure." Kijana anakunja mabega, na jioni inayofuata haji mazoezini. Wengi wa wanaocheka hawajawahi kumwona Hasheem Thabeet akicheza hata robo moja ya mchezo. Wanachojua ni kwamba alikwenda Marekani, akachaguliwa wa pili katika kizazi chake, kisha wanasema alifeli.

Mimi ni mwalimu. Nimezaliwa Kashai, Bukoba mjini, na kazi nimeifanyia Muleba, jiografia darasani na michezo jioni. Habari za Hasheem nimezifuatilia tangu alipokuwa chuoni, kwa sababu alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, na kwa sababu wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza habari zake kila wiki. Ninachotaka kusema leo ni kimoja. Hasheem alinyimwa muda, tena mara mbili. Mara ya kwanza tulimnyima sisi, kabla hajaondoka. Mara ya pili walimnyima Wamarekani, baada ya kufika. Na watoto wetu wa Kagera tunawanyima vilevile mpaka leo.

Tarehe 25 Juni 2009, New York, timu za NBA zilikutana kuchagua wachezaji wapya. Wa kwanza kuitwa alikuwa Blake Griffin. Wa pili, akichukuliwa na Memphis Grizzlies, alikuwa Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, miaka 22, urefu mita 2.21. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry.

Orodha hiyo ndiyo iliyomponza. Kila Curry anapochukua ubingwa, watu wanaifungua tena kwenye simu zao na kuuliza kama kweli Memphis walikuwa na akili timamu. Lakini hebu tuwaweke vijana hawa wawili pamoja kwa haki. Baba yake Curry, Dell Curry, alicheza NBA misimu 16. Mtoto alikulia kwenye kumbi hizo, akirusha mpira wakati wakubwa wanapasha misuli moto. Hasheem mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka 15. Alipoitwa New York alikuwa ameucheza miaka 7 tu, na katika miaka hiyo 7 alikuwa amehama nchi na kuhamia lugha ya wengine, tena akiwa amekwisha fiwa na baba.

Tena miaka hiyo 7 aliitumia vizuri kuliko wanavyojua wanaomcheka. Kutoka shule ya Makongo alifika Houston, akamalizia sekondari huko, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun, akakaa misimu 3. Msimu wa mwisho alikuwa na wastani wa pointi 13.6 na ribaundi 10.8 kila mchezo, na alikuwa akizuia mitupo 4.2 ya wapinzani. Aliteuliwa mlinzi bora wa ligi ya Big East miaka 2 mfululizo, na mwaka 2009 yeye na DeJuan Blair wa Pittsburgh waligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo. Timu yake ilifika nne bora ya vyuo vya Marekani nzima. Kijana aliyeanza kidato cha pili au cha tatu!

Sasa, kama mtu anayefundisha mchezo huu, naomba nieleze mtoto anachokosa anapoanza akiwa na miaka 15, maana hapa ndipo tunapodanganyana. Kuruka anaweza. Kukimbia anaweza. Kuzuia mpira uliokwisha kurushwa anaweza, kama ana mikono mirefu na moyo wa kazi. Kinachokosekana ni vitu ambavyo mwili hujifunza bila kuambiwa, wakati mtoto bado ni mfupi na anaanguka bila kuumia: kudaka mpira huku macho yakiwa kwa adui, kujua mguu wa nyuma uko wapi bila kuutazama, kuhisi kwa mgongo kwamba mtu anakuja upande wa kushoto, kukaa chini na kupanua miguu kabla hujasukumwa. Mtoto wa darasa la tatu anayecheza kila siku anayapata haya pasipo kocha kufungua mdomo. Kijana wa miaka 15 aliyekwisha refuka lazima afundishwe moja moja, kwa subira kubwa, huku akipambana na viungo ambavyo havijamzoea.

Februari 2009 Blair huyohuyo, aliyezidiwa na Hasheem urefu wa sentimita 20 hivi, alimwinamia wakigombea mpira, akambeba juu ya bega na kumwangusha sakafuni. Picha ile ilizunguka dunia. Watu waliona mrefu aliyeshindwa na mfupi. Mimi niliona kijana ambaye hakuna mtu aliyewahi kumfundisha, akiwa na miaka 8, kuketi chini ya kiuno cha mwenzake.

Basi akafika Memphis. Nafasi yake uwanjani ilikuwa tayari ya Marc Gasol, na kiangazi hichohicho timu ikamleta Zach Randolph. Kwa hiyo kijana aliyehitaji kucheza kuliko yeyote aliwekwa benchi. Msimu wa kwanza aligusa michezo 68 kwa wastani wa dakika 13, akapata pointi 3.1 na ribaundi 3.6. Februari 2010 wakamteremsha ligi ya maendeleo, timu ya Dakota Wizards, kule Bismarck kwenye theluji. Hadi siku hiyo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu hivyo aliyewahi kuteremshwa, na magazeti ya Marekani yaliandika jambo hilo kana kwamba ni msiba. Februari 2011, msimu wa pili haujaisha, Memphis wakamwachia Houston. Mwaka uliofuata akapelekwa Portland, kisha akapata misimu 2 Oklahoma City, na mwaka 2014 NBA ikamalizika kwake. Baadaye alicheza Japani na Taiwan.

Michezo yake NBA ni 224. Nairudia namba hii kila mara darasani kwa sababu ni kweli na kwa sababu haisemwi. Hakuna Mtanzania mwingine aliyekanyaga ngazi hiyo kabla yake.

Msimu mmoja na nusu ndio muda aliopewa na timu iliyomchagua. Griffin, aliyeitwa kabla yake, aliumia goti na hakucheza hata mchezo mmoja msimu ule wote wa kwanza. Walimsubiri. Harden alianzia benchi Oklahoma City, akakaa hapo misimu 3 akijifunza, ndipo akaja kuwa yule tunayemjua. Hakuna mkulima wa Kamachumu anayeng'oa mbuni wa mwaka mmoja kwa kuwa haujazaa, na kijana aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15 alistahili subira hiyohiyo.

Marekani wana mchezo mwingine ambao kuteremshwa si habari kabisa. Ni besiboli, ule wa mrushaji mwenye mpira mdogo mgumu na mpigaji mwenye gongo. Kila timu kubwa ina timu kadhaa chini yake, ngazi juu ya ngazi, na karibu kila kijana huanzia huko, hata awe na kipaji namna gani. Mwaka 1994 Park Chan-ho, kijana wa miaka 20 kutoka Korea Kusini, alikuwa Mkorea wa kwanza kucheza ligi kuu ya mchezo huo, na Los Angeles Dodgers. Alirusha katika michezo 2 tu, wakamteremsha San Antonio. Mwaka uliofuata akawa Albuquerque. Hebu fikirini uzito wake: taifa zima linamtazama, wa kwanza wao, naye yuko Texas na New Mexico kwenye timu za ngazi ya chini. Lakini huko alikuwa anarusha. Alikuwa anacheza kila zamu yake, anakosea, anarekebishwa, anarudi tena. Mwaka 1996 akarudi juu na akabaki huko miaka mingi. Alipoiaga ligi hiyo mwaka 2010 alikuwa na ushindi 124, na hakuna mrushaji mwingine aliyezaliwa Asia aliyeufikia.

Utaratibu huo bado upo. Mwaka 2024 Mkorea mwingine, Lee Jung-hoo, aliingia San Francisco Giants kwa mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 113. Mwezi Mei aliukimbilia mpira mpaka akagonga ukuta, bega likateguka, msimu ukaishia kwenye mchezo wa 37. Hawakumtupa. Alifanyiwa upasuaji, akapumzika, na mwaka 2025 akarudi uwanjani karibu kila siku ya msimu.

Na Wakorea hawa hawakuokotwa barabarani. Park alitoka Chuo Kikuu cha Hanyang, na nchi yao ina ligi ya kulipwa tangu mwaka 1982. Kijana alipovuka bahari alikuwa amekwisha kula mchezo kwa miaka.

Nitajibiwa, na nimekwisha jibiwa na walimu wenzangu: mbona Hakeem Olajuwon naye alichelewa? Ni hoja nzuri na siikwepi. Olajuwon wa Lagos aliuanza mpira wa kikapu akiwa kijana mkubwa, kama Hasheem, na bado mwaka 1984 aliitwa wa kwanza kabisa, akaipa Houston ubingwa mwaka 1994 na 1995. Joel Embiid wa Yaoundé naye alichelewa, na mwaka 2023 alikuwa mchezaji bora wa NBA nzima.

Ukiwachunguza hao wawili, ndipo hoja yangu inapopata miguu. Olajuwon kabla ya kikapu alicheza mpira wa mikono, na kwenye soka alikuwa golikipa. Miguu ile iliyowafanya mabeki wa Marekani wazunguke kama waliopotea njia aliipata huko. Embiid alitokea kwenye mpira wa wavu na soka. Mwili ulikuwa umecheza tayari. Kisha kila mmoja wao alipewa muda. Olajuwon alipofika Houston alikuta wakubwa, na kiangazi kimoja baada ya kingine alikuwa akicheza kwenye ukumbi wa Fonde dhidi ya Moses Malone, mmoja wa majitu wa enzi ile, aliyemsukuma na kumpiga viwiko mpaka akajua kusimama. Embiid aliitwa wa tatu mwaka 2014 na timu ya Philadelphia, akakaa misimu 2 kamili bila kucheza, akiuguza mguu. Misimu 2! Hasheem katika muda mfupi kuliko huo alikuwa amekwisha teremshwa na kuuzwa.

Kwa hiyo siwadai Wamarekani. Wao wana biashara yao na siwezi kuwapangia kutoka Muleba. Ninadai upande wetu, ambao tunaumudu.

Tazameni jinsi tunavyomtafuta mchezaji wa kikapu hapa Kagera. Msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, unakaribia, mwalimu anaambiwa alete timu ya wilaya. Anapita madarasani kuangalia vichwa vinavyokaribia dari. "Wewe, simama. Umewahi kucheza kikapu?" Hapana, Madamu. "Utacheza." Kambi ni fupi, mipira ni michache na mingine imevimba upande mmoja. Kijana anajifunza sheria leo, kesho anacheza na shule za Dar es Salaam na Arusha. Akishindwa, mtu wa pembeni yuko tayari na kauli yake. Msichana mmoja wa kidato cha pili, mrefu kuliko walimu wote, nilimkuta anatembea ameinama ili asionekane. Tulimfundisha kunyooka kwanza, kabla ya kumfundisha kudunda mpira.

Mtoto huyo alikuwa wapi miaka 6 kabla? Alikuwa shule ya msingi, kilomita chache kutoka hapo, anacheza rede na wenzake, anarusha mpira wa majani makavu ya mgomba uliofungwa kwa kamba, anadaka vizuri mno. Hakuna aliyemwangalia kwa sababu alikuwa bado mfupi.

Mpira wa mikono uko kwenye UMITASHUMTA. Ni mchezo uleule uliomlea Olajuwon, na watoto wetu wa shule za msingi wanaruhusiwa kuucheza rasmi, tena hadi taifa. Lakini nendeni Nshamba, nendeni Kemondo, nendeni kwenye shule za Kashozi mkaulize magoli ya mpira wa mikono yako wapi. Mara nyingi mtaoneshwa goli la soka peke yake. Goli moja la mpira wa mikono linataka mirunda 3, na mikaratusi imejaa kwenye vilima vyetu. Wazazi wanaweza kuileta siku moja ya msaragambo. Mtoto anayecheza mpira wa mikono kuanzia darasa la tatu anajifunza kudaka akikimbia, kuruka na kutupa hewani, kusukumana bila kukasirika. Akija kurefuka kidato cha tatu, nitampa kikapu na ndani ya mwaka mmoja atakuwa mchezaji. Nimeliona hili kwa macho yangu kwa watoto waliotoka shule chache zenye mwalimu anayejali, na ndiyo maana ninalisema bila wasiwasi.

Wasomaji wa Bukoba wanaopanda basi kwenda Kampala wanapita mahali ambapo jambo hili limefanyika, na wengi wanapita wamelala. Ukivuka Mutukula, ukaipita Kyotera, Masaka na Lukaya, unaingia wilaya ya Mpigi. Huko Mmarekani mmoja, Richard Stanley, alijenga shule na viwanja vya besiboli, mchezo ambao Uganda haikuwa na historia nao ya kujivunia. Walianza na watoto. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Kampala ilifuzu mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Williamsport, Marekani, ikanyimwa viza kwa sababu ya matatizo ya nyaraka. Watoto walilia. Waliowalea hawakufunga viwanja. Mwaka 2012 timu ya watoto wa Lugazi ilifika Williamsport, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko, na ikaifunga timu ya jimbo la Oregon 3 kwa 2.

Kisha ikapita miaka 10. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers, timu ileile ya Park, ikawasaini vijana 2 wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka 2023 Pittsburgh Pirates ikamsaini David Matoma, mrushaji ambaye mpira wake unakaribia kilomita 160 kwa saa. Matoma alianzia ngazi za chini kabisa na akawa anapanda moja moja, na hakuna Mganda mwenye akili anayemwita aliyefeli kwa sababu hiyo. Kijana mwingine aliyekulia Kampala, Khaman Maluach, mtoto wa wakimbizi wa Sudan Kusini, aliuanza mpira wa kikapu mwaka 2019 akiwa na miaka 12. Akapelekwa kituo cha NBA kule Senegali, akacheza Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na miaka 17, akapita Chuo Kikuu cha Duke, na Juni 2025 akaitwa wa 10 NBA, akaangukia Phoenix Suns. Ana miaka kadhaa mbele yake ya kuonekana hajui. Namwombea wamwachie aipitie.

Kihaya chetu na Luganda ni ndugu, ndizi tunazokula ni zilezile, ziwa ni lilelile. Walichokifanya Mpigi hakihitaji damu ya pekee.

Najua ugumu wa kwanza uko nyumbani. Kagera tunapenda shule, na ni sifa tunayostahili kujivunia. Baba mmoja alinifuata mpaka uwanjani, akanivulia kofia kwa heshima, akasema: "Mwalimu, waitu, mtoto wangu nimemleta asome. Mpira ataucheza akishapata cheti." Sikumlaumu. Ada ile ilitoka kwenye kahawa na kwenye mikungu ya ndizi aliyoisukuma kwa baiskeli. Lakini nilimsimulia habari za Dikembe Mutombo, Mkongomani aliyekwenda Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo akitaka kuwa daktari. Kocha wa chuo akamwona. Mutombo alihitimu mwaka 1991 akiwa na shahada ya isimu na diplomasia, akaingia NBA mwaka huohuo, akawa mlinzi bora wa ligi mara 4. Mwaka 2007 ikafunguliwa Kinshasa hospitali aliyoijenga kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Daktari hakuwa, ila wagonjwa wa Kinshasa wamepata madaktari kwa mkono wake. Alipofariki Septemba 2024, hospitali ile ilikuwa inaendelea na kazi. Baba yule alisikiliza mpaka mwisho. Aliniruhusu jioni mbili kwa wiki, na mtoto hajashuka hata nafasi moja darasani.

Kuhusu soka sina haja ya kusema mengi, kwa sababu uwanja wa Kaitaba upo na timu ya Kagera Sugar tunaijua. Niseme tu kwamba Mbwana Samatta alikaa Lubumbashi na TP Mazembe karibu miaka 5 kabla ya kwenda Genk mwaka 2016, na Aston Villa ikaja mwaka 2020. Alipofunga goli Wembley dhidi ya Manchester City kwenye fainali ya Kombe la Ligi, alikuwa amepikwa. Hakuna aliyemvusha kutoka Mbagala moja kwa moja hadi Birmingham.

Ugumu wa pili ni mvua, na hapa jiografia inaingia. Bukoba hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Uwanja wa udongo ukilowa, mpira wa kikapu haudundi, na mchezo wote unategemea kudunda. Ndiyo sababu shule nyingi zina nguzo mbili zenye kutu na nyasi katikati. Saruji ni ghali, na mzazi aliyejenga madarasa baada ya tetemeko la Septemba 2016, lililobomoa shule za Ihungo na Nyakato na nyumba zetu, ana haki ya kuuliza kwa nini tena achangie uwanja.

Simwombi achangie. Saruji ipo tayari. Vijijini Muleba na Bukoba Vijijini kuna sakafu nzuri za kuanikia kahawa, za vyama vya msingi na za wafanyabiashara, pana, zimesawazishwa na fundi. Msimu wa kahawa zinafanya kazi yake na hakuna anayepaswa kuzigusa. Msimu ukiisha zinakaa tupu miezi mingi, zimefungiwa, zinaota ukungu. Nguzo mbili zinazoweza kung'olewa, zenye ubao na ringi, zinachomelewa na fundi yeyote wa Muleba mjini. Baada ya msimu zinasimikwa, kahawa ikikaribia zinaondolewa, sakafu inafagiliwa na kuoshwa, na chama kinarudishiwa ikiwa safi kuliko ilivyokuwa.

Nimekwisha andika barua kwa chama kimoja, na nimejibiwa kwamba suala hilo litafika kikaoni. Wenyeviti wa vyama vingine wanaosoma gazeti hili nawaomba wasisubiri barua yangu. Fundi wa kuchomelea nimempata, mchoro wa nguzo ninao, na walimu wa shule za jirani wamekubali kupokezana usimamizi. Ninachohitaji kutoka kwenu ni ufunguo wa geti kuanzia Novemba hadi Aprili, saa 10 hadi saa 12 jioni, na nitakaoanza nao ni darasa la tatu na la nne, wafupi kwa warefu, wavulana na wasichana.